Nairobi Desemba, Bila Deni la Januari
Umewaahidi watoto Nairobi Desemba? Piga hesabu sasa. Kwa nauli ya SGR ya 2024, daraja la kawaida, mtu mzima ni Sh1,500 na mtoto nusu. Wazazi wawili na watoto wawili, kwenda na kurudi: Sh9,000. Ongeza Sh5,000 za chakula na matatu kutoka Mtwapa. Jumla Sh14,000.

Anza katikati ya Julai: Sh700 kila wiki, kwa wiki 20. Hiyo ni Sh100 kwa siku. Zifunge M-Shwari ukishalipwa tu, kabla hujaenda sokoni, maana zikibaki kwenye simu zitaliwa. Na usitegemee Fuliza: deni la Desemba hulipwa Januari, na Januari ni karo.