Ukitoka Amarat, ununue wapi? Maswali ya wanaotafuta kiwanja Juba

Neno Amarat ni la Kiarabu, maana yake majumba ya ghorofa. Khartoum kuna Amarat yake, mtaa wa wenye nazo, na Juba ikalipokea jina pamoja na majivuno yake. Hai Amarat ya Juba iko upande wa barabara ya uwanja wa ndege, na nyuma ya kuta zake ndefu mara nyingi utakuta shirika, si familia. Wanaofanya kazi humo, madereva, wahasibu, wauguzi na wapishi kutoka Nairobi, Kampala, Arusha na Bukavu, pamoja na Wasudani Kusini waliorudi na Kiswahili cha kambi ya wakimbizi ya Kakuma, hunishika mkono nikipita na kuniuliza jambo moja kwa namna nyingi: mji ghali hivi, mtu wa mshahara anunue wapi? Kazi yangu ni kukadiria thamani ya viwanja. Haya ni maswali niliyoulizwa mara nyingi kuliko mengine.

Swali: Nimeishi Amarat miaka minne. Naujua mtaa, walinzi wananijua. Kwa nini nisitafute hapahapa?

Kwa sababu bei ya Amarat haipangwi na watu kama wewe. Mwenye kiwanja cha Amarat, au cha Thongpiny hapo jirani, huhesabu thamani yake kwa kodi aliyozoea kulipwa na mashirika, kwa dola, mara nyingi miezi mingi kwa mkupuo. Mshahara wako unashindana na bajeti iliyoandikwa Geneva.

Utasema siku hizi mambo yamebadilika, na ni kweli. Bomba la mafuta linalopita Sudan lilipasuka Februari 2024 na serikali ikabaki bila sehemu kubwa ya mapato yake. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na wapangaji wa Amarat wengi waliishi kwa misaada hiyo. Lakini angalia kitu ambacho wageni hawakioni haraka: kodi hushuka kabla ya bei ya kuuza. Mwenye nyumba atakupunguzia pango leo ili geti lisikae na kufuli, ila bei ya kiwanja ataing'ang'ania. Amewahi kuwaona wapangaji wakikimbia mapigano Desemba 2013 na tena Julai 2016, kisha wakarudi. Anaamini watarudi tena. Kwa hiyo ukipenda Amarat, ipange, na ubishanie kodi bila haya. Pesa ya kununua ipeleke kwingine.

Swali: Kwingine wapi? Taja mitaa.

Nitaitaja, ila kwanza tuelewane. Mnunuzi huwa na sauti penye mambo matatu: muuzaji mwenye sababu ya kuuza, karatasi inayoweza kukaguliwa, na viwanja vingi vya kulinganisha. Bei ndogo peke yake siihesabu.

Kwa kipimo hicho, ningeanza na mitaa ya zamani ya Munuki na Kator, pamoja na Nyakuron na Atlabara. Tangu enzi za Waingereza viwanja vya miji ya huku vimegawanywa kwa daraja, na daraja ndilo linaloamua ukubwa wa kiwanja, ada, muda wa hati na hata aina ya nyumba unayotakiwa kujenga. Sehemu kubwa ya mitaa hii ni daraja la chini, kwa hiyo mashirika hayaigombei. Vingi vya viwanja hivyo vilipimwa zamani, kabla ya amani ya 2005 kuwaleta watu Juba kama mafuriko, na familia zinajuana kwa majina ya mababu. Mzee akifariki, watoto wako Kampala, Australia na Wau, na hakuna anayetaka kurudi kukarabati banda la mabati. Wanataka kugawana. Hapo mnunuzi mwenye pesa taslimu na subira ya kungoja amri ya mirathi kutoka mahakamani hupata punguzo ambalo Amarat hataliota.

Gudele ni ya pili. Imekua haraka baada ya 2005 na viwanja vinavyouzwa havikosekani, hivyo unaweza kumwambia muuzaji kwaheri ukamwendea wa pili mchana huohuo. Ila Gudele si moja. Kuna vitalu vilivyopimwa vikatulia, na kuna vingine ambako kiwanja kimoja kimegawiwa watu wawili, kila mmoja na karatasi yake, mmoja wao akiwa amevaa sare.

Ng'ambo ya mto, Gumbo na Sherikat, ni habari ya daraja, na safari hii nasema daraja la kuvukia. Kwa miaka mingi Juba ilikuwa na daraja moja kuukuu juu ya Nile, na ng'ambo ilikuwa nafuu kwa sababu ya foleni yake. Barabara ya Nimule, kilomita 192, iliwekwa lami ikakamilika 2012, na Mei 2022 likafunguliwa Daraja la Uhuru lililojengwa kwa msaada wa Japani. Wauzaji wa Gumbo wamekwisha kulitia daraja hilo kwenye bei. Aliyenunua kabla alifaidi. Wewe sasa unalipia lami. Isitoshe, sehemu kubwa huko ni ardhi ya jamii ya Wabari, na kununua ardhi ya jamii bila kujuana na wenyeji ni kununua kikao kisichokwisha.

Swali: Kiwanja nilichokiona magharibi, pembeni kabisa, ni nusu ya bei ya Munuki. Si nichukue tu?

Kichukue ukishahesabu maji. Nyumba nyingi za Juba hununua maji ya lori, yanayotolewa mtoni na kumwagwa kwenye tangi au mapipa yako. Kila kilomita ya vumbi kati ya mto na nyumba yako unailipia wewe, wiki hadi wiki, maisha yako yote ya hapo. Usimuulize muuzaji. Muulize jirani tangi lake hukaa siku ngapi, na kama Septemba lori linafika au linakwama njiani.

Umeme nao. Tangu mwishoni mwa 2019 kuna mtambo wa dizeli wa megawati 33 wa kampuni ya Ezra, na umeme wake husambazwa na kampuni ya JEDCO. Kuna mitaa yenye nguzo na kuna inayosubiri nguzo. Nguzo barabarani haitoshi, tafuta mita kwenye ukuta wa jirani.

Halafu nenda ukakione kiwanja mwezi wa Agosti. Madalali wa Juba wanapenda kuonyesha viwanja Januari, ardhi ikiwa kavu na ngumu kama kigae. Agosti utajua kama kile kibonde kilichokuwa kinapitisha mbuzi ni khor, yaani mkondo wa msimu, na kama udongo mweusi unanata hadi kwenye fundo la mguu. Tazama kuta za majirani: alama ya maji haiwezi kupakwa rangi kila mwaka.

Swali: Mimi ni Mkenya, mwenzangu ni Mtanzania. Sudan Kusini imo Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tunaweza kununua?

Hapana. Katiba ya Mpito ya 2011 inasema ardhi yote ni mali ya watu wa Sudan Kusini, na Sheria ya Ardhi ya 2009 haimpi mgeni umiliki. Anachoweza kupata ni kukodi kwa muda, usiozidi miaka 99. Jumuiya haibadilishi hilo. Sudan Kusini ilijiunga 2016, lakini kifungu cha 15 cha Itifaki ya Soko la Pamoja kinaiacha ardhi chini ya sheria za kila nchi. Nawe Mkenya usilalamike sana, kwani Katiba yenu ya 2010, kifungu cha 65, inamwekea mgeni kikomo hichohicho cha miaka 99.

Najua kinachofuata: «nina rafiki, nitaandikisha kwa jina lake.» Rafiki akioa, akifa au akikasirika, hutakuwa na kauli mbele ya hakimu. Kama una mke au mume raia, nyumba iwe yake kwa jina na kwa nia, nawe ulijue hilo tangu siku ya kwanza. Kama huna, kodi kwa miaka mingi kwa mkataba ulioandikwa na wakili, usajiliwe, na ujenge kile tu ambacho muda huo utakirudisha.

Swali: Muuzaji ana karatasi yenye mhuri na sahihi. Inatosha?

Mhuri huchongwa sokoni. Karatasi ina milango mitatu ya kubishwa: wizara ya ardhi ya jimbo la Central Equatoria, kwenye ramani za upimaji na faili la ugawaji, ofisi ya usajili wa ardhi, ambayo huku iko upande wa mahakama, na mtaa wenyewe, yaani baraza la mtaa, sultani kama yupo, na majirani wa pande zote nne. Wengi huanza na wizara. Mimi huanza na majirani, kwa sababu hawatozi ada.

Mwaka mmoja nilipelekwa kukadiria kiwanja upande wa magharibi. Karatasi safi, mawe ya mipaka yamesimama, dalali amevaa vizuri. Nikakaa kwa mama muuza chai aliyekuwa mkabala, nikaagiza kikombe. Akanitazama, akatazama futi ya kupimia mkononi mwangu, akasema: «Wewe ni wa tatu mwezi huu.» Sikumaliza chai. Mwenye kiwanja halisi alikuwa Yei, na hakujua kwamba kinauzwa.

Basi omba kumwona mwenyewe. Ukiambiwa yuko nje na ametoa hati ya uwakala, mpigie simu ya video, akutajie majirani zake bila kusoma mahali. Kama ni mirathi, taka amri ya mahakama yenye majina ya warithi wote, na sahihi zao wote. Mmoja aliyeko Australia akikosekana, huyo ndiye atakayekushtaki.

Malipo yafanyike mbele ya wakili na yapite benki, hata muuzaji akinung'unika. Mkataba utaje sarafu. Tangu Desemba 2015, pauni ilipoachwa ielee, watu wameona bei iliyokubaliwa asubuhi ikigeuka ugomvi kabla ya mwisho wa mwezi. Mkopo wa nyumba kwa mtu wa kawaida ni kama haupo, ndiyo maana anayekuja na fedha mkononi anasikilizwa. Usizitaje zote kikao cha kwanza.

Swali: Kuna nyumba ya tofali Mia Saba, bei ya kushangaza. Aliyemo anasema mwenyewe alikimbia 2013.

(Kwa msomaji mpya: Mia Saba kwa Kiarabu cha Juba ni 107, si 700.) Ndugu yangu, achana nayo. Vita vilipozuka 15 Desemba 2013, watu waliikimbia mitaa kama hiyo na nguo walizovaa tu, wakaingia kambi za Umoja wa Mataifa, wengine wakavuka hadi Uganda na Kenya. Wengi wako hai na wanaijua milango ya nyumba zao. Mkataba wa amani wa Septemba 2018 uliahidi mjadala wa kitaifa wa kupitia upya sera na Sheria ya Ardhi. Lolote litakalotokana na ahadi hiyo, aliyemo ndani si mwenye nyumba, na bei ni ya kushangaza kwa sababu unauziwa kesi. Ukiitaka kweli, mtafute mwenyewe Kampala au Kakuma. Baadhi yao wangependa kuuza, na ni haki yao walipwe wao.

Swali: Serikali ilisema mji mkuu utahamia Ramciel. Nisubiri Juba ishuke?

Uamuzi huo ni wa Septemba 2011. Wizara bado ziko hapa, na wewe bado unalipa kodi Amarat.

Swali: Mimi ni mjane. Shemeji anasema kiwanja cha marehemu huko Kator ni cha ukoo, atauza yeye. Na kama nikitaka kununua changu, naweza?

Unaweza, dada yangu, na cha marehemu hakiuzwi bila wewe. Katiba ya Mpito inampa mwanamke haki ya kumiliki mali na kupata sehemu yake katika urithi wa mumewe pamoja na warithi wengine, na Sheria ya Ardhi inamtambua. Shida haiko kwenye sheria. Iko kwenye kile kikao cha wanaume chini ya mwembe ambapo jambo huamuliwa kabla hujaitwa. Wahi mahakamani kabla ya kikao: chukua cheti cha ndoa, au mashahidi wa mahari kama ndoa ilikuwa ya kimila, ombi la mirathi lifunguliwe kwa jina lako na la watoto, kisha nakala ipelekwe ofisi ya usajili ili faili la kiwanja lijulikane kuwa lina shauri. Ukishafanya hivyo, mnunuzi makini atakayebisha hodi kwa msajili ataliona jina lako. Na kile utakachonunua mwenyewe, liandikwe jina lako peke yako, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho. Nimeona «Mary» na «Maria» vikila miaka miwili ya mtu.