Neno "boi": Rangi, Umri na Hadhi
Neno boi limetoholewa kutoka Kiingereza, ambako maana yake ya msingi ni mtoto wa kiume. Enzi ya ukoloni nchini Kenya na Tanganyika, mtumishi Mwafrika wa nyumbani aliitwa boi hata akiwa na wajukuu, ilhali mwajiri wake Mzungu, japo kijana, aliitwa bwana. Hivyo basi, umri, ambao kwa Waswahili hustahili shikamoo, ulifutwa na rangi. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, na Kenya 1963. Hata hivyo, hausiboi na hausigeli yangali yakisikika, sasa vinywani mwa waajiri Waafrika. Ubaguzi uliozaliwa na rangi umerithiwa na tabaka. Kumwita mtumishi kwa jina lake hakumwongezei mshahara, bali humrudishia utu uzima wake.