Muuguzi akikuuliza juu ya tumbo, umujibu nini?

Mkulima akileta jani la muhogo lenye ugonjwa, agronomu humuuliza: ilianza lini, shamba gani, ulipulizia dawa gani? Muuguzi naye hufanya vile. "Tumbo inauma" peke yake haimusaidii. Mbele ya kwenda kituo cha afya ao hospitali ya FOMULAC hapa Katana, tayarisha majibu haya:

1. Ilianza lini? Unaharisha mara ngapi kwa siku?
2. Choo kinafanana na nini? Usione haya. Damu ni hatari. Choo kama maji ya mchele kinaweza kuwa kolera: hapana kungoja kesho.
3. Unatapika? Unakojoa? Mkojo ukipungua, mwili unakauka.
4. Mnakunywa maji ya bomba, ya mto ao ya ziwa? Nyumbani kuna mgonjwa mwingine?
5. Ulitumia dawa gani? Taja hata ya kienyeji, na ile ya wadudu kama ulipulizia shamba.

Njiani, mpe mgonjwa anywe kidogo kidogo: lita 1 ya maji yaliyochemka na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.