Kuvuka Bahari ya Hindi

Katika mwezi wa Juni na Julai watoto wa Mufindi, katika nchi ya Iringa, huamka wakaona ukungu umefunika vilima na manyunyu yanaanguka. Watoto wa Mbeya nao hutetemeka kwa baridi. Wengi wao hawajaiona bahari, lakini upepo uletao ukungu ule umetoka baharini. Watu wa pwani huuita Kusi.

Kusi huvuma tangu Aprili hata Septemba, na ukiisha kuvuka ikweta hugeuka kuelekea Bara Hindi. Sababu yake ni hii: katika miezi hiyo jua huipasha moto nchi kavu ya Asia, hewa ya moto hupanda juu, na hewa ya baharini huja kushika mahali pake. Tangu Desemba hata Machi mambo hugeuka. Asia huwa na baridi kuliko bahari, na upepo huvuma kutoka huko mpaka pwani ya Afrika. Huo ndio Kaskazi.

Manahodha wa Arabuni, wa Bara Hindi na wa pwani ya Waswahili waliujua mpango huo tangu kale. Majahazi yalikuja kwa Kaskazi, yakangoja, kisha yakarudi kwa Kusi. Kuvuka kwenyewe kulikuwa kwa majuma machache, bali kungoja kulikuwa kwa miezi.

Mwaka 1498 Mreno mmoja, jina lake Vasco da Gama, alifika Malindi na merikebu tatu. Mfalme wa Malindi akampa rubani aliyeijua njia. Wakatweka matanga tarehe 24 Aprili, Kusi ulipoanza, na tarehe 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut, katika Bara Hindi. Siku 26 tu! Na njia ile yapita kilometa 4,000, yaani karibu mara tano ya safari ya kutoka Mbeya hata Dar es Salaam.

Wakati wa kurudi hakungoja. Aliiacha pwani ya Bara Hindi mwanzo wa Oktoba, na Kaskazi haujaanza. Mara bahari ilikuwa shwari, mara upepo uliwapinga. Wakakaa baharini karibu miezi mitatu bila matunda wala mboga mbichi. Kiseyeye kikawashika, fizi zao zikavimba, wakafa watu wapatao 30. Walipoiona pwani ya Afrika tarehe 2 Januari 1499, katika kila merikebu walibaki watu 7 au 8 tu wenye nguvu za kufanya kazi. Walipopita Malindi waliichoma moto merikebu moja, kwa kuwa hawakuwa na watu wa kuiendesha.

Bahari ilikuwa ile ile, na merikebu zile zile. Kilichobadilika ni majira.

Baadaye zilikuja meli za moshi, ambazo hazikungoja upepo. Mwaka 1872 zilianza kuleta barua Unguja kwa ratiba. Siku hizi ndege huvuka kutoka Dar es Salaam mpaka Mumbai kwa saa sita hivi. Lakini Kusi na Kaskazi zingali zikivuma kama zamani, na nahodha wa jahazi angali akikumbuka methali hii: Kawia ufike.

Maswali
1. Kwa nini Kusi huelekea Bara Hindi?
2. Vasco da Gama alikosa nini wakati wa kurudi?
3. Eleza maana ya methali "Kawia ufike" kwa habari uliyoisoma.