Ndege ya Mgeni Haiji Suneka Moja kwa Moja

Mgeni akikupigia simu kutoka Entebbe kwamba anakuja Kiogoro na ndege ndogo kuangalia biashara ya parachichi, usikimbilie kumwambia, "Karibu, Suneka si mbali." Kiwanja cha Suneka ni cha safari za ndani. Ndege inayotoka nje hutua kwanza penye forodha na uhamiaji, na kwetu Gusii pa karibu ni Kisumu. Tumezoea kuona helikopta ikitua uwanja wa shule siku ya mazishi, tukadhani ndege ni kama matatu, inashusha popote. Hizo hutoka Nairobi; mpaka hazijavuka.

Kwanza muulize: ndege ni yake, au kuna anayelipa nauli? Ya kulipiwa ni biashara, hata iwe na abiria mmoja. Kibali huombwa kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, na kampuni iwe tayari na leseni yake ya uendeshaji, bima, usajili wa ndege na hati kwamba inafaa kuruka. Wasipange pia kuokota abiria wa kulipa Kisumu na kumshusha Suneka. Mkataba wa Chicago wa 1944, kifungu cha 7, unairuhusu nchi kuzinyima ndege za kigeni biashara hiyo ya ndani.

Kinachowaponza wengi ni saa. Vibali na mipango ya safari huandikwa kwa saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa 3. Ukimwambia mgeni "saa tatu asubuhi", wewe unamaanisha 09:00 ya Kenya, na kwenye karatasi za rubani hiyo ni 06:00. Yeye akisikia "tatu" akaandika 03:00, ameomba kutua saa kumi na mbili alfajiri. Mwandikie kwa tarakimu, zote mbili, na umtake ajenti wake akurudishie namba ya kibali kabla hujalipia gari la kumpokea.

Watu nao wana karatasi zao. Mganda au Mnyarwanda huingia na kitambulisho cha taifa. Ndugu wa Minnesota mwenye pasipoti ya Marekani pekee anahitaji idhini ya mtandaoni, eTA, iliyochukua nafasi ya viza Januari 2024. Aombe mapema, si usiku wa kuamkia safari. Wanaotoka Uganda wabebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Na kama kuna bahasha ya harambee, fedha taslimu kuanzia dola 10,000 hutangazwa forodhani.

Mizigo ya sampuli iorodheshwe yote, hata katoni moja ya miche, ambayo huenda ikahitaji kibali cha KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea.

Mimi humshauri mgeni atue Kisumu asubuhi, ndege imsubiri huko, naye apande gari kupitia Ahero, Sondu na Oyugis. Mvua ya alasiri ya Gusii ikianza, awe ameshafika Kiogoro.