SOMO: UJIRA WETU NA NJAA YA JIRANI



Katika somo hili tujifunze kwa majirani zetu wa Malawi. Wilayani Dowa, kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe, iko kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Zamani palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa serikali ya Kamuzu Banda. Mwaka 1994 pakageuzwa kambi ya watu kiasi cha 10,000 hadi 12,000. Leo wamepita 50,000, wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili kinawaunganisha. Wanaowazunguka ni wakulima wa Kichewa, walimao mahindi, karanga, soya na tumbaku, na soko lao kubwa liko Mponela.

Je, hayo yanatuhusu nini sisi wa viwandani na mashambani?

Ujira hushukaje?

Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987, ilikataa kufungwa na baadhi ya vifungu, vikiwamo vya kazi za mshahara na uhuru wa kutembea. Mkimbizi anatakiwa akae kambini. Mwaka 2023 serikali iliwakusanya waliokuwa wakifanya biashara mijini na kuwarudisha Dzaleka. Huku nyuma, posho ya chakula imepunguzwa kila fedha za wafadhili zilipopungua.

Lakini tumbo halisomi sheria. Mkimbizi hutoka kutafuta ganyu, yaani kibarua cha siku. Tuseme mwenyeji hulipwa kwacha 3,000 kulima kipande cha shamba. Mkimbizi, asiyeweza kushtaki popote, atakubali 2,000. Kesho mwenyeji naye ataambiwa achukue hizo 2,000 au aende zake. Hapo mwenyeji humchukia mkimbizi, na mwenye shamba anatia elfu yake mfukoni. Nasi tunayajua hayo. Ni mara ngapi mnyapara ametuambia, "Ukikataa, nje ya geti wako kumi"?

Amani hujengwaje?

Amani haiji kwa hotuba. Jirani akiona gari la msaada linapita mlangoni kwake kila mwezi bila kusimama, naye ana njaa, kijicho kitaota. Kwa hiyo msaada wa maana ni ule unaowaweka wote wawili kwenye kazi moja. Shirika la There is Hope hufundisha ufundi wakimbizi na Wamalawi pamoja. Kituo cha afya cha Dzaleka hutibu na wenyeji pia. Tangu 2014 tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na wakimbizi wenyewe, huwaleta wageni kambini. Wageni hununua chakula, hulala katika nyumba za wakimbizi na kuacha fedha. Watu wakiuziana, wakikopeshana na kujifunza pamoja, uvumi hauwagombanishi kwa urahisi.

Hata hivyo, tusidanganyike. Cherehani na mbegu ni vitu vyema, lakini mtu aliyekatazwa kutafuta kazi kwa uhuru atabaki dhaifu, na udhaifu wake utatumika kumpiga mwenzake.

Wajibu wetu

Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1948, unawapa wafanyakazi wote haki ya kujiunga na chama bila ubaguzi wowote. Haukutenga kabila wala mgeni. Basi kibarua mgeni akifika shambani, tusimwite mwizi wa kazi. Tumweleze kima cha ujira, tumkaribishe mkutanoni, na tudai kazi sawa ilipwe sawa. Akilipwa sawa nasi, mwajiri hana sababu ya kumtumia dhidi yetu.

Maswali ya kujadili tawini

1. Kwenye eneo lako la kazi, ni nani analipwa chini ya wenzake, na kwa nini?
2. Faida ya tofauti hiyo inakwenda kwa nani?
3. Tawi lenu limewafikia vibarua wangapi mwaka huu?

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.