Njia Mbili Zilimshinda Fisi: Je, Zilimshinda Lamar Jackson?

Mwaka huu nimepewa ukurasa wa somo. Ngeli na nyakati mmeshazila darasani mkashiba, kwa hivyo nimeonelea tuichukue methali moja tuipeleke uwanjani, tuone kama itatoka na ushindi.

Methali yenyewe mnaijua. Fisi alifika njia panda, akasikia harufu ya nyama ikitoka pande zote mbili. Akatia mguu huku, akatia mguu kule, akataka kuzifuata njia zote kwa mpigo mmoja, mwishowe akapasuka msamba. Ndipo wahenga wakanena: njia mbili zilimshinda fisi. Methali hii ina ndugu yake, mshika mbili moja humponyoka. Sote tumeonywa kwa methali hizi, na onyo hilo ndilo alilopewa Lamar Jackson wa Marekani, ingawa yeye alipewa kwa Kiingereza. Aliambiwa achague: ama arushe mpira, ama akimbie nao. Yeye akakataa kuchagua. Hebu tuone yaliyompata.

MCHEZO WENYEWE

Wamarekani wanauita mchezo huu futiboli, ingawa mpira wenyewe hauonji mguu ila mara chache. Afadhali uufikirie kuwa binamu wa raga. Mpira umechongoka ncha mbili, wachezaji wanakabana na kuangushana, na lengo ni kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho wa adui. Ukiufikisha, umefunga tachidauni, nayo ina alama 6. Tofauti na trai ya raga, si lazima mpira uguse ardhi.

Uwanja una yadi 100 kutoka mstari wa goli hadi mstari wa goli. Kila timu ina watu 11 uwanjani. Wanaoshambulia hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10. Wakifaulu wanapewa nne nyingine. Wakishindwa, mpira unakwenda kwa wenzao. Katika raga ni haramu kumrushia mwenzako mpira mbele, si ndiyo? Huku ni halali, mara moja katika kila nafasi, mradi mrushaji awe hajavuka mstari pale mchezo ulipoanzia.

Mrushaji huyo ndiye kwotabeki, nahodha wa jahazi. Kwa miaka mingi kwotabeki mzuri alikuwa mtu wa kusimama wima kama mlingoti nyuma ya ukuta wa wenzake, akitazama mbali, kisha anarusha. Kukimbia kulikuwa kazi ya wengine. Kwotabeki aliyekimbia alionekana kama nahodha aliyeuacha usukani akaenda kupiga makasia.

WALIOAMBIWA WAHAME

Jambo hili halikuwa la mchezo tu, lilikuwa la rangi pia. Mtu mweusi mwenye mbio alisifiwa miguu, lakini kichwa chake kikatiliwa shaka. Mwaka 1968 Marlin Briscoe alicheza kwotabeki katika timu ya Denver Broncos, akarusha tachidauni 14 akiwa mgeni kabisa katika ligi. Je, alipewa nini mwaka uliofuata? Hakupewa tena kazi hiyo. Alihamia Buffalo, huko akageuzwa kuwa mdakaji wa mipira inayorushwa na wengine.

Warren Moon alipomaliza chuo kikuu mwaka 1978, hakuna timu ya ligi kuu iliyomchagua. Akafunga virago akavuka mpaka hadi Kanada, akaichezea timu ya Edmonton, nayo ikatwaa ubingwa miaka mitano mfululizo, 1978 hadi 1982. Ni mwaka 1984 tu ndipo ligi ya kwao ilipomfungulia mlango, huko Houston. Mnamo Januari 1988 Doug Williams aliiongoza Washington kushinda fainali kuu iitwayo Super Bowl, kwotabeki mweusi wa kwanza kufanya hivyo.

Wenye mbio nao waliendelea kuchimba njia. Randall Cunningham wa Philadelphia alikimbia yadi 942 katika msimu wa 1990. Michael Vick wa Atlanta akafika yadi 1,039 mwaka 2006, akawa kwotabeki wa kwanza kupita 1,000 kwa mbio katika msimu mmoja. Watu waliwashangilia, naam, lakini kwa wengi mchezo huo ulibaki kiini macho: wa kufurahisha kuutazama, si wa kujengea timu.

KIJANA WA POMPANO BEACH

Lamar Jackson alizaliwa tarehe 7 Januari 1997 katika mji wa Pompano Beach, jimbo la Florida. Baba yake alifariki Lamar akiwa na umri wa miaka minane. Mama yake, Felicia Jones, ndiye aliyemlea na kumsimamia mazoezi. Kijana alipokwenda Chuo Kikuu cha Louisville, msimamo wa mama ulikuwa mmoja: mwanangu ni kwotabeki, na atacheza kwotabeki.

Mnamo Septemba 2016, katika mchezo dhidi ya Syracuse, mlinzi alijiweka mbele yake karibu na mstari wa goli. Lamar hakumzunguka wala hakumsukuma. Alimruka kama mtu anavyoruka kiunzi katika mashindano ya riadha, akatua ndani, tachidauni! Msimu huo alirusha yadi 3,543 na kukimbia yadi 1,571. Desemba akapewa tuzo ya Heisman, ambayo hutolewa kwa mchezaji bora wa vyuo vikuu. Alikuwa na miaka 19, na hakuna aliyekuwa ameipata akiwa mdogo kuliko yeye.

Ungedhani milango yote ingefunguka, kumbe wapi! Kabla ya uchaguzi wa wachezaji wapya wa mwaka 2018, Bill Polian, aliyekuwa kiongozi mashuhuri wa timu kadhaa, alisema hadharani kwamba Jackson ahamie kwenye udakaji. Wimbo ule ule aliochezeshwa Briscoe nusu karne kabla yake! Katika maonyesho ya kupima vijana, Jackson alikataa kukimbia mbio za yadi 40. Mtu anayesifika kwa mbio akataa kukimbia? Ndiyo, kwa sababu alijua watu wangeitazama saa na kuusahau mkono wake.

Siku ya uchaguzi, makwotabeki wanne walichaguliwa kabla yake. Timu ya Baltimore Ravens ilikuwa imekwisha kumchukua mtu mwingine, kisha ikafanya biashara na Philadelphia ili ipate nafasi ya 32, ya mwisho kabisa katika duru ya kwanza. Ndipo jina la Lamar Jackson likatajwa.

Alianza akiwa wa akiba. Novemba 2018 kwotabeki wa kwanza, Joe Flacco, aliumia nyonga, Jackson akaingia, na timu ikashinda michezo 6 kati ya 7 iliyobaki.

HESABU YA KUMI NA MMOJA

Sasa ndugu zangu, shikeni kalamu. Hapa ndipo penye somo.

Kwotabeki wa kale akishampa mkimbiaji mpira, kazi yake imekwisha. Anasimama kutazama kama sisi tulio nje ya uwanja. Basi ondoa yeye, na uondoe mkimbiaji mwenye mpira. Wanaobaki kuwazuia maadui ni 9, na maadui ni 11. Walinzi wawili hawana wa kuwazuia.

Kwa Jackson hesabu inageuka. Anapokea mpira huku mkimbiaji akiwa ubavuni pake. Anautia mpira tumboni mwa mkimbiaji lakini hauachilii bado. Macho yake yanamtazama mlinzi mmoja tu wa pembeni, ambaye wenzake Jackson wamemwacha makusudi bila kumzuia. Mlinzi huyo akimkimbilia mkimbiaji, Jackson anauchomoa mpira na kupita pale pale alipotoka mlinzi. Mlinzi akibaki kumngoja Jackson, mpira unaachiliwa na mkimbiaji anakwenda zake. Mlinzi ameondolewa mchezoni bila hata kuguswa, na yule mzuiaji ambaye angemshughulikia yuko huru kumkabili mwingine.

Bado kuna la pili. Walinzi wakichoka kuaibishwa, wanasogea mbele kuziba mianya ya mbio. Wanaposogea, nyuma yao panabaki wazi, na Jackson anarusha mpira juu ya vichwa vyao. Kwa hivyo mbio zake hazikuwa zikiuiba muda wa kurusha. Zilikuwa zikiufungulia mlango.

Ushahidi uko wapi? Katika mchezo wa kwanza wa msimu wa 2019, Ravens waliichapa Miami 59 kwa 10, katika jimbo alikozaliwa Jackson. Alirusha mipira 20, wenzake wakadaka 17, tano kati ya hiyo ikiwa tachidauni. Baadaye akawatania waandishi wa habari kwamba kwa mtu anayeitwa mkimbiaji, hakufanya vibaya. Msimu ulipokwisha alikuwa amerusha tachidauni 36, nyingi kuliko mtu yeyote katika ligi, na papo hapo amekimbia yadi 1,206 na kuivunja rekodi ya Vick. Timu ilishinda michezo 14 ikapoteza 2. Wapiga kura wote 50 walimchagua kuwa mchezaji bora wa ligi, jambo ambalo Tom Brady peke yake alikuwa amelipata, kwa msimu wa 2010. Bill Polian naye, kabla mwaka huo haujaisha, alikiri kwamba alikosea.

BILA YA KUFICHA LOLOTE

Somo lisilotaja gharama si somo, ni sifa tu. Adui naye hujifunza. Januari 2019, siku moja kabla Jackson hajatimiza miaka 22, timu ya Chargers iliwapanga wanaume saba wepesi wa ulinzi wa nyuma, ikamzima na kushinda 23 kwa 17. Januari 2020, baada ya ule msimu wa ajabu, Tennessee iliwatoa Ravens 28 kwa 12. Kifundo cha mguu kilimtoa uwanjani mwishoni mwa msimu wa 2021, na goti mwishoni mwa 2022. Hadi msimu wa 2024 ulipofungwa, alikuwa bado hajacheza katika Super Bowl.

Hata hivyo hakuacha njia yoyote kati ya zile mbili. Aliinoa ile iliyotiliwa shaka. Aprili 2023 alitia saini mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 260, bila wakala, mama yake akiwa mshauri. Msimu huo wa 2023 akawa mchezaji bora kwa mara ya pili. Mwaka 2024 alirusha tachidauni 41, na mipira minne tu ikatekwa na maadui. Siku ya Krismasi mwaka huo alizipita yadi 6,109 za Vick, akawa kwotabeki aliyekimbia yadi nyingi kuliko wote katika historia ya ligi hiyo.

FISI NI NANI?

Je, methali imeshindwa? Hapana! Wahenga bado wamekaa kitini pao. Tulichokosea sisi ni kumtafuta fisi upande usio wake. Jackson anapofika njia panda hatii mguu huku na mguu kule. Anatazama, anachagua moja, anakwenda nayo kwa nguvu zote. Njia ya pili iko wazi, lakini haimvuti. Anayepasuka msamba ni yule mlinzi wa pembeni, anayetaka kumkaba Jackson na kumkaba mkimbiaji kwa wakati mmoja, akaishia kushika hewa.

Kwa hivyo methali haikatazi mtu kuzijua njia mbili. Inakataza kuzikanyaga zote mbili kwa hatua moja. Tofauti hiyo si ndogo, hasa kwetu sisi. Nilipokuwa Kidato cha Pili, mtu mzima mmoja niliyemheshimu aliniambia kwamba mkimbiaji wa mbio za nyika asijisumbue na Fizikia, akanitajia fisi huyu huyu. Alfajiri nilikuwa nikikimbia, jioni nikifanya hesabu za mwendo kasi na mchapuko, na sikuwahi kuzifanya zote mbili saa moja. Nikaendelea na Fizikia, na ninakimbia bado. Wako wengi kati yetu wa aina hii: mwimbaji wa kwaya anayependa Kemia, mlinda lango anayetunga mashairi. Tafadhalini walimu wetu, na nyinyi wenzangu mnaopachikana majina bwenini, kabla ya kumtajia mtu fisi, kwanza mtazame miguu: je, ametanua, au anangoja zamu ya kila njia?

ZOEZI

1. Kwa nini mlinzi wa pembeni huachwa makusudi bila kuzuiwa? Eleza kwa maneno yako.
2. Andika kisa kifupi kinachothibitisha methali "mshika mbili moja humponyoka", kisha kingine kinachoipinga.
3. Tunga sentensi kwa kila neno: kwotabeki, mdakaji, mianya, njia panda, kupasuka msamba.

Majibu yaletwe katika mkutano wa chama. Kiswahili kitukuzwe!